Pigo Tupu

Jumanne asubuhi mlinzi wa geti aliichukua beji ya Carine, akaitazama mbele na nyuma kama mtu asiyemjua, ingawa alimwona kila siku kwa miaka sita, kisha akaitia mfukoni mwake. Akamwambia kuna barua yake ofisini, italetwa, asubiri kwenye benchi. Benchi hilo ni la wauza makaa na watu wanaotafuta kibarua. Carine akakaa pembeni kabisa, kofia ya kazi mapajani, na wenzake wakawa wanampita wakimsalimia kwa sauti ya msibani.

Octave alikuwa nyuma yake hatua tatu. Ndiye mume wa mama yake mdogo, Georgette. Wanakaa nyumba moja, na asubuhi ile walitoka pamoja wakapita njia moja mpaka getini. Beji yake yeye haikuwa na neno. Alisimama akamwuliza mlinzi kulikoni, mlinzi akajibu kwamba yeye anapokea amri tu, na foleni ya nyuma ikaanza kunung'unika. Octave akaingia. Alijiambia kwamba huko ndani ndiko atakakojua mambo, na kwamba kusimama na mtoto pale nje hakumsaidii mtu. Yote hayo yalikuwa kweli, lakini siku ile aliingia haraka kuliko siku zote.

Kiwanda chao hapa Likasi kinachoma vikombe vya kaure, vile vyeupe vinavyoshikilia nyaya juu ya nguzo za umeme. Katika kila tanuri huchomwa pia vijiti vya kaure ileile, vinene kama kidole, na kazi ya maabara ni kuvivunja, vichache vikibaki akiba. Watu wa maabara ni wawili, Octave na Carine, na mashine ni moja: nguzo ya chuma yenye mkono unaoning'inia, na mwishoni mwa mkono nyundo. Unaipandisha nyundo, unalaza kijiti mahali pake, unaiachia. Inashuka, inavunja, inapanda upande wa pili, na sindano inabaki palepale kukuonyesha nyundo imepoteza nguvu kiasi gani. Kijiti kigumu kinaichosha zaidi. Sindano ikisoma tano au zaidi, tanuri limepita na lori linapakia. Wabelgiji waliileta kwa jina la mouton, yaani kondoo, na jina likabaki.

Chef Adolphe, mkuu wa ubora, alimwita Octave kabla hajavaa koti lake la kazi. Ni mtu wa Lubumbashi, mpole, aliyekuja mwaka juzi, na kwa umri angeweza kuwa mdogo wake Octave wa mwisho. Alimpa kiti. Akamweleza kwamba Jumamosi, kwenye laini mpya inayoelekea Buluo, vikombe vinne vilipasuka wafanyakazi wakiwa wanakaza waya, na mmoja wao, jina lake Gauthier, aliporomoka kutoka kwenye nguzo. Amevunjika nyonga. Vikombe ni vya tanuri la arobaini na moja, lililopimwa wiki iliyopita.

Karatasi ya kipimo ilikuwa mezani. Chini palikuwa na saini ya Octave, na juu, penye jina la aliyepima, Carine. Wiki iliyopita Octave alikuwa Kapolowe kwenye matanga ya kaka yake mkubwa. Saini ilikuwepo kwa sababu aliacha karatasi sita amekwisha kuzisaini, zikiwa tupu. Ndivyo kila mtu anavyofanya kiwandani akifiwa, maana lori halingoji mtu azike. Adolphe mwenyewe aliziona siku ile akanyamaza.

"Papa Octave, mulango iko mbili," Adolphe alisema. "Signature ni yako, lakini mukono ni ya ule mutoto. Uandike rapport, useme alikosa mu manipulation. Eye anaenda, weye unamaliza miezi yako kumi na ine, unaingia mu retraite na heshima."

Octave, aliyebakiza miezi kumi na minne astaafu, akauliza mlango wa pili ni upi. Adolphe alimtazama kwa huruma ya kweli, akasema mlango wa pili ni wote wawili kufukuzwa.

Maabara Octave alijifungia. Alipandisha nyundo, hakuweka kijiti chochote, akaiachia. Hilo huitwa pigo tupu. Nyundo isipokutana na kitu haipotezi kitu, na sindano inapaswa kusoma sifuri. Ilisimama kwenye mbili.

Ilikuwa inasimama kwenye mbili tangu Januari. Roulement ya mhimili, yaani beringi, imekwisha, mkono unakwaruza ukipita, na mkwaruzo huo mashine inauhesabu kuwa ni ugumu wa kaure. Kijiti dhaifu cha nne kinasoma sita, kinapita kifua mbele. Octave aliligundua mapema. Alikwenda kuomba roulement mpya, na mtu wa manunuzi akamwambia bila hata kuinua kichwa kwamba mashine ikiwa mbovu maabara itafungwa, vijiti vitakwenda kupimwa Afrika Kusini, na watu wawili watarudi nyumbani. Hakuomba tena. Alinunua daftari la shule, na kila jioni akawa anaitoa ile mbili kwa penseli kabla ya kujaza karatasi. Miezi minane hakuna kikombe kibaya kilichotoka. Alikataa matanuri matatu, na watu wakamsifu kwamba jicho lake ni kali.

Na hapo pana jambo ambalo angeona aibu kulisema hata kwa padri. Alipenda. Kiwanda kilikuwa kimeanza kumtazama kama mzee wa kungojewa aondoke, na ile mbili ilikuwa yake peke yake. Carine alivunja vijiti, Carine alisoma namba, na jioni Octave alimwambia aache, atajaza mwenyewe. Siku habari ya kaka yake ilipofika, alisaini zile karatasi, akamwambia Carine ajaze kile sindano inachosema. Penseli haikumjia akilini mpaka alipokuwa Kapolowe, siku ya tatu ya matanga, watu wakila. Aliweka kijiko chini. Kisha akajiuliza angepiga simu aseme nini, na nani angesikia, akachukua kijiko tena.

*

Carine alirudi nyumbani saa sita mchana na barua mkononi. Ilikuwa ile inayoitwa demande d'explication, karatasi ya kumtaka mtu ajieleze, na ilimpa saa arobaini na nane kujibu, kwa Kifaransa, kwa mkono wake mwenyewe. Georgette aliisoma mara mbili. Hakugomba. Alimwambia aoge, ale, na asimpigie simu Orpa, binti wa Georgette na Octave, huko Mulungwishi, maana mtoto yuko bweni na ana mitihani, na habari kama hii inaweza kungoja.

Jioni Georgette alipakua bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo na samaki wa tomson. Kipande kikubwa, chenye mgongo wote, akakiweka kwenye sahani ya Octave kama siku zote, na kidogo cha mkia akajiwekea mwenyewe. Octave aliulizwa kazini wanasemaje, akajibu wanaangalia. Aliulizwa kama atamsemea mtoto, akajibu mambo ya kazi hayaendi kwa kelele. Georgette akaridhika na jibu hilo, kwa sababu miaka thelathini na moja ya ndoa amezoea kumwona mume wake akinyamaza na mambo yakinyooka.

Carine alikuwa hajala kitu. Alikuwa anapanga vidole vyake juu ya meza, kimoja baada ya kingine, akirudia kazi ya siku ile tangu mwanzo.

"Tonton, niambie ni fasi gani nilikosa," alisema. "Nilivunja kumi. Yote ilisoma sita, moja ilisoma sita na nusu. Nilipangusa kiti ya vijiti, nilipima urefu, niliangalia na loupe. Nitaandika nini mu ile barua kama sijui kosa yangu?"

Octave alisema watalitazama kesho. Akaongeza kwamba kaure ina siri zake. Kisha akainuka akaenda kulala kabla ya taarifa ya habari.

*

Jumatano Octave alikwenda kazini akakaa maabara bila kugusa kitu. Adolphe alipita mara mbili kuuliza kama rapport imeandikwa. Mara ya pili alikuwa ameileta mwenyewe, imechapwa tayari, imebaki nafasi ya saini tu. Aliiacha mezani na kalamu juu yake.

Nyumbani, Georgette alikuwa amefanya lile ambalo mtu mwenye malezi hufanya. Nyumba yako ikimwumiza mtu, hungoji kuitwa. Unakwenda kwa miguu yako, na kitu mkononi. Alinunua kilo tano za unga na sukari, akamfunga Carine kitambaa kichwani, wakaenda hospitali. Gauthier alikuwa amelala mguu umevutwa kwa kamba na mawe, ametazama ukuta. Mke wake, Mamie, alikuwa sakafuni kwenye mkeka. Georgette akapiga magoti, na Carine naye akapiga magoti, mbele ya wagonjwa kumi na wawili na wauguzi waliokuwa wanapita.

Carine alisema yeye ndiye aliyepima vile vikombe na anaomba msamaha. Mamie alimwuliza kitu kimoja, kwa upole, kama mtu anayetaka tu kufahamu: alikuwa anawaza nini siku ile? Mamie akausogeza mfuko wa unga kwa mguu, si kwa dharau, ili muuguzi apite, na mfuko ukabaki katikati ya chumba, si wake wala si wao.

Octave alisimuliwa haya saa kumi na moja, jua likiwa bado uani, alipofika na kofia yake mkononi. Georgette alimsimulia akichagua mboga, bila kulalamika. Alipofika pale pa mguu na mfuko, Octave aliketi kwenye kiti cha karibu, kilichokuwa cha kuwekea ndoo.

Ilikuwa imebaki usiku mmoja tu kabla ya barua kutakiwa. Carine alikuwa ameweka meza nje, karatasi nyeupe mbili na bic. Katika nyumba ile barua zote za maana huandikwa na Octave. Alimwandikia padri, aliandikia shule, aliandika maombi ya kazi yaliyomwingiza Carine maabara. Kifaransa chake ni cha zamani, kilichonyooka, na majirani huja kukiomba.

"Unisemee tu, nitaandika," Carine alisema. "Lakini ibakie fupi. Niseme nilikosa, niombe pardon. Sitaki kudanganya, sitaki kuandika bongo."

Octave aliomba maji akanywa. Kisha akaanza kusema kwa Kifaransa, taratibu, mikono nyuma, kama mwalimu anavyosomea darasa imla. Alimwambia aandike tarehe. Aandike kwamba amepokea barua na ana heshima ya kujibu. Aandike kwamba tarehe ile alivunja vijiti kumi vya tanuri la arobaini na moja kwa kufuata utaratibu wote, na kwamba namba alizojaza ni zile sindano ilizoonyesha. Carine aliandika ulimi ukitokeza pembeni ya mdomo, kama alivyokuwa akiandika alipokuwa mdogo.

Aandike kwamba tangu Januari mashine inaongeza mbili juu ya kila kipimo. Carine akaandika. Mkono ulipita mpaka mwisho wa mstari ndipo akili ikaufikia, akasimama.

Octave aliendelea kusema. Kwamba ubovu huo unaonekana kwa kupiga pigo tupu kila asubuhi, jambo ambalo yeye Carine hakuwahi kufundishwa. Kwamba fundi aliyelijua alikuwa akitoa ile mbili kwa siri katika daftari lake, na alipoondoka hakumwachia neno.

"Ule fundi njo nani?" Carine aliuliza.

"Andika, mama."

"Tonton, nani?"

"Andika jina yangu yote. Batapenda kuiona na mukono yako."

Georgette alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya mboga. Carine aliangalia karatasi muda mrefu, hata wino ukatoa doa pale bic ilipokuwa imegusa.

"Asubuhi ya leo ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Nilienda kupiga magoti mbele ya ule mama, na weye ulijua."

Octave alisema hakujua kwamba wangekwenda hospitali. Ilikuwa kweli, na aliposikia sauti yake akiisema alitamani asingeisema. Carine aliinamia karatasi akaandika jina lake lote, Octave na la baba yake na la babu, kwa herufi kubwa. Akasaini. Akaingia ndani. Georgette alibaki pale, na Octave akangoja amtukane, maana angalau tusi lingekuwa kitu cha kushika. Lakini mke wake alimwuliza tu, kwa sauti iliyochoka, kama angekula sasa au baadaye.

*

Alhamisi Adolphe aliisoma barua akiwa amesimama. Alimwambia Octave kwamba hakuna aliyemwomba hivi. Kisha akataka kuiona ile mbili kwa macho yake, wakaenda maabara. Octave akapandisha nyundo, akaiachia ikate hewa. Mbili. Adolphe akasema tena. Mbili. Mara ya tatu alipandisha nyundo Adolphe mwenyewe, na alipoona sindano imesimama palepale alitoa miwani akajifuta uso.

Aliuliza vikombe vya miezi minane vilivyokwisha kupandishwa nguzoni itakuwaje. Octave akampa daftari. Namba zote zilikuwamo, zimepangwa vizuri, kila siku na mbili yake iliyotolewa. Adolphe alilifunua kurasa nyingi. Nadhani alilisadiki, lakini hakuwa na ruhusa ya kulisadiki.

"Ni crayon, Papa Octave," alisema, akipitisha kidole juu ya penseli. "Crayon inafutika. Kama ungeandika na bic, kama ungetia hata signature moja..."

Saa nne Octave alikuwa getini, mlinzi anapokea beji yake. Kofia ya kazi pia aliirudisha, na koti, akatembea kwenda nyumbani na shati la ndani lenye kola iliyochanika, ambalo siku zote koti lilikuwa linalificha. Alipishana na Carine njiani. Alikuwa ameitwa arudi kazini, kwa kuwa kiwanda hakiwezi kupakia bila mtu wa kuvunja vijiti. Alimsalimia "tonton" bila kupunguza mwendo.

Wiki mbili alimsalimia hivyo, asubuhi na jioni, na hapo maneno yakawa yamekwisha. Octave aliomba kwa mdomo wake, siku ya nne, waende tena hospitali, yeye sasa ndiye apige magoti. Alikwenda peke yake. Gauthier alimwangalia akasema mzee ainuke, sakafu ni chafu. Mamie alimwuliza ni watu wangapi bado watakaokuja kupiga magoti. Aliporudi hakuna aliyemwuliza ilikuwaje. Georgette alianza kukaanga vitumbua vya kuuza barabarani, na Octave akawa anamchotea maji, kazi ambayo majirani waliitazama na kujitia hawaoni.

Jioni moja ya Ijumaa Georgette alipakua. Octave alisogeza sahani yake kidogo mbele, kwa mazoea. Kile kipande kikubwa cha tomson kikapita juu yake, kikatua kwenye sahani ya Carine. Kwake ukaja mkia. Georgette hakufanya kwa hasira. Alikuwa amepakua kufuatana na nani anatoka alfajiri kwenda kazini. Octave alikula mkia akisafisha mifupa vizuri, ili ionekane kwamba umemtosha.

Carine alisukuma sahani yake.

"Vijiti vya akiba balivipeleka kupimwa Lubumbashi," alisema, akitazama meza. "Ya miezi minane yote. Bilirudi leo. Namba ni sawa na ya crayon yako."

Octave aliacha kutafuna. Aliuliza kama ni zote. Carine akasema ni zote, isipokuwa za wiki ile ya matanga, tanuri la arobaini na moja likiwamo, ambazo penseli haikuzigusa. Akasema pia roulement imefika. Adolphe aliiagiza, na ilichukua siku tisa.

"Siku tisa," Georgette alisema.

"Banaiweka leo. Nilipiga pigo tupu, ikasoma zéro."

"Zéro kabisa?" Octave aliuliza.

"Kabisa. Nilipiga mara tatu. Na banatupatia muntu mupya, Divin. Ameanza asubuhi. Mbele ya kitu yote, mbele hata ya kumupatia blouse ya kazi, nilimuonyesha ile. Nilimwambia kama mashine inaongeza kitu, asema, asema kwa bantu yote."

Octave aliitikia kwa kichwa, akasema amefanya vizuri. Alitaka kusema na jingine, la msamaha, alilokuwa nalo tangu siku ya barua, lakini lilipofika mdomoni lilikuwa limegeuka swali la kazi.

"Anaandika na nini?"

"Na bic," Carine alisema, akachukua kisu akakata kile kipande cha samaki katikati, nusu moja ikielekea sahani ya Octave.